Yadi kwa Shilingi Moja na Visenti

Ninyi vijana mtakaosoma haya, chekeni kwanza mmalize, maana mimi nilishachekwa na uwanja mzima wa ngoma, mchana kweupe, nguo yangu ikiwa chini na mimi nimesimama, kwa hiyo kicheko chenu hakinitishi. Mkishamaliza nisikilizeni, kwa sababu hasira yangu haijapoa hadi leo.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, pamba imeshauzwa, na kwetu Didia pamba ikishauzwa kinachofuata ni mashindano ya ngoma. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, na mwamuzi hakuna, watazamaji wenyewe wanahama kwa miguu yao kwenda kwenye ngoma iliyowanogea, na atakayebaki peke yake ndiye kashindwa. Mimi nilikuwa kiongozi wa wanawake wa kundi letu. Mwaka uliotangulia Mama Masanja na kundi lake walitushinda (mwanamke ana mdomo yule), nami nikaapa mbele ya wenzangu kwamba safari hii tutavaa sare, na tukishindwa tena uongozi wapewe wengine.

Nikaenda Shinyanga mjini kutafuta kitambaa. Katika duka moja nikaona chekundu chenye maua meupe, kimebandikwa kikaratasi cha bei ya yadi: moja imeandikwa kubwa kama nguzo ya mlango, na tisini na tano imeandikwa ndogo kule juu pembeni, kama inzi wametua. Namba nilizijua, katekista alitufundisha. Msije mkasema bibi hakuona. Niliona zote, ila kichwani iliingia ile moja peke yake.

Nikarudi nikawatangazia wanawake kwamba yadi ni shilingi moja, kila mtu alete mbili tupate yadi mbili mbili. Mama mkwe wangu, ambaye naye alikuwa mchezaji, na mchezaji hasa, akaniuliza moja na ngapi.

"Moja na visenti, Mayu," nikamjibu (Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma). "Hivyo visenti nitaviondoa kwa maneno."

Wakauza karanga, wakauza kuku, wakaleta. Siku moja kabla ya mashindano nikarudi dukani, nikamwaga fedha mezani, nikaanza kupatana kama tulivyozoea kupatana kila kitu. Mwenye duka akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimeshapunguza, mama. Ilikuwa mbili."

Ilikuwa mbili! Senti tano ndiyo huruma yote aliyonifanyia, akaiandika kwa namna ya kunifanya nione shilingi nzima imeondoka. Kwa fedha ile kila mwanamke alipata yadi moja na kipande cha upana wa dole gumba.

Hapo ndipo ningerudi nyumbani niseme, jamani nimekosea, tucheze na nguo zetu za kila siku. Lakini mimi na kiburi changu tukakubaliana kununua. Fundi cherehani wa barazani alipokuwa anakata akaniuliza kama nguo ni za watoto wa shule. Nikamwambia akate, asiulize.

Asubuhi wanawake wakavaa. Yadi moja haimzunguki mwanamke aliyezaa. Tulifunga kwa pini ubavuni, pale pale nguo ilipokuwa inakutana kwa shida, tukaingia uwanjani tunatembea kama tumefungwa miguu. Ngoma yetu ni ya kuinama na kutikisa mabega, nasi tulikuwa tunainama nusu. Mama Masanja akapaza sauti ili uwanja wote usikie: "Mama Kulwa, hizo mmevaa au mmekuja kutufutia vyombo?"

Nikapandwa na hasira, nikaamua kumwonyesha. Nikainama mpaka chini. Pini ikakatika, kitambaa kikaanguka, nikabaki na shimizi langu lenye kiraka cha gunia la pamba, na maandishi ya gunia yanasomeka. Watu waliruka kwa kicheko, halafu wakahamia ng'ambo wote, hata mpiga ngoma wetu akawa anacheka huku anapiga.

Mama mkwe alivua khanga ya mabegani akanifunga kiunoni, akavuta fundo kwa nguvu.

"Hivi ndivyo vile visenti?" akasema.

Uongozi nilivuliwa jioni ile ile, na ilinipasa niwalipe wenzangu kwa mbuzi wangu.

Leo naona maduka bado yanafanya vile vile, elfu tisa mia tisa, na wajukuu wangu wanarudi wananiambia kiatu ni elfu tisa, macho yanawang'aa. Basi niliwakusanya wote sebuleni, na wakwe zangu pia, nikawaambia: "Katika nyumba hii hakuna tisa mia tisa. Ni kumi. Mtakwenda dukani na kumi, mtanitajia kumi, na ile mia mkiirudisha mtaiweka hapa mezani mbele yangu niione."