Mkanda wa Nne

Binti yangu ana miaka kumi na tisa na hapendi kutoka na mimi. Kanisani anasema ana kazi za chuo, dukani anasema nabishana na wauzaji. Kwa hiyo aliponiambia kwamba Jumapili mchana kuna filamu ya katuni ya Kijapani mjini kati, na angependa twende wote, nilidhani anataka hela. Akanionyesha picha kwenye simu: meli ya anga ya rangi ya chungwa, na chini yake msichana mwenye nywele fupi amesimama juu ya mnara. Meli sikuitambua. Msichana nilimtambua pale pale, nikaweka chini bakuli la unga nimtazame vizuri.

Yule msichana nilimjua nikiwa na miaka minane, Morogoro. Kaka yangu alikuwa mtafsiri kwenye banda la video karibu na soko. Kwa asiyeijua kazi hiyo: filamu ya kigeni inachezwa, na mtu mmoja anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti akiwaeleza watazamaji kwa Kiswahili kila kinachosemwa. Kaka alitafsiri za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, na katika lugha hizo zote hakujua hata moja. Aliangalia macho na midomo ya watu, akakohoa kikohozi kimoja kidogo, kisha akasema alichoona kinafaa. Watu walikuja kumsikiliza yeye kuliko kuangalia filamu.

Kanda sita za katuni ya yule msichana kaka alipewa na mhandisi wa Kijapani aliyekuwa akijenga barabara, siku anafungasha kurudi kwao. Hazikuwa na maandishi yoyote chini. Deki ya banda haikuelewana nazo, picha zikatoka bila rangi, lakini zilitoka. Hadithi ilikuwa ya kaka na dada. Meli zinabeba maji kwenda sayari kavu, ambayo kaka yangu aliamua kuiita Dodoma. Njiani kuna mwezi wenye giza, na juu yake mnara wa taa unaoziongoza meli. Dada anaachwa pale peke yake kuwasha taa. Kaka yake ni rubani, na mkuu wake, mtu mwenye masharubu, anamkataza kusimama. Kwa tafsiri yetu mkuu huyo aliitwa Bwana Kodi, na kila alipotokea banda zima lilimzomea.

Sehemu niliyoipenda ilikuwa kwenye mkanda wa nne. Rubani ameshaupita mwezi. Ameambiwa akigeuka atafungwa. Theluji inaanguka, nyingi, imejaa kioo kizima, inachacharika kama mafuta kikaangoni, na humo ndani ya theluji kaka yangu anakohoa na kusema: "Rubani anashika usukani. Anasema, Bwana Kodi, nifunge ukitaka, yule ni mdogo wangu. Anageuza meli."

Mwaka ule baba alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu na barua zake zilikuwa zimekoma. Sikumwuliza mtu habari za baba. Nilichoomba ni mkanda wa nne tu, na kaka alinionyesha mchana, kabla banda halijafunguliwa, mimi na yeye.

Nilipokuja London kusoma, theluji ya kwanza ilinikuta nimesimama kituo cha basi Edmonton. Wenzangu wa chuoni waliokuwa wageni kama mimi walikuwa wakipiga kelele na kupigana picha. Mimi nilitulia kama mwenyeji, maana hii nilishaiona. Kitu kimoja tu kilinishangaza, kwamba haikuwa na mlio.

Miaka ya mwanzo ruhusa ya kutoka na kuingia nilikuwa nayo, na sikwenda nyumbani. Nilisema mwaka huu kodi ya nyumba, mwaka huu mtoto mchanga, mwaka huu kazi mpya. Baadaye karatasi zangu za kuishi hapa zikaharibika, sikuweza kutoka hata kama ningetaka, na kusema kweli ilinipunguzia aibu, kwa sababu sasa nilikuwa na sababu ya kweli. Kaka hakunilaumu. Alinitumia ujumbe wa sauti, dakika tatu, dakika nne, habari za mvua na za watoto wake. Miaka mitatu iliyopita figo zilimwangusha. Ombi langu la kuishi hapa lilikuwa bado mezani uhamiaji, na ukitoka nje ya nchi ombi lako linahesabiwa kuwa umelifuta. Nilimzika kaka yangu kwenye simu, nimekaa kwenye chumba cha wafanyakazi cha nyumba ya wazee ninakohudumu, nimevaa sare.

Karatasi zilitoka miezi minne baada ya msiba. Ziko kwenye droo. Bado sijakwenda.

Na kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Zile sauti zake nilizifuta mwenyewe, kabla hajaugua. Simu ilijaa, msimamizi alikuwa akituma picha za rota, yaani ratiba ya zamu zetu, kila wiki, zikakataa kuingia, nikafuta ujumbe mrefu wote bila kuchagua. Alipougua akawa ananiandikia tu. Baada ya kufa kwake nilianza kugundua kwamba siikumbuki sauti yake. Maneno niliyakumbuka, kicheko nilikijua kilikuwa cha namna gani, lakini nikifumba macho nisikie, nasikia kimya. Mahali pamoja tu palibaki ambapo alisikika: pale kwenye theluji, anapogeuza meli. Hapo niliponea. Kwa hiyo sikwenda sinema kuangalia katuni. Nilikwenda kumsikia kaka yangu.

Ilikuwa sinema ndogo, viti kama sitini. Kabla ya kuanza, bwana mmoja mwenye ndevu alisimama mbele kutueleza. Alisema hii ilikuwa kwanza hadithi ya vipindi sita, iliyouzwa kwa kanda za video tu, kisha mwongozaji akavikatakata vipindi hivyo, akachora upya sehemu chache, akaunga filamu moja ya chini ya saa mbili. Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilianza kumchukia mwongozaji kabla sijaiona kazi yake. Nani alimwomba akate?

Taa zilizimwa. Meli ikatokea, rangi ya chungwa kabisa, rangi ambayo sikuwahi kujua inayo. Msichana naye alikuwa na koti la kijani. Nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumba aliyokulia akakuta wamepaka rangi. Halafu, nyuma yangu kushoto, mtu alikohoa. Kikohozi kimoja, kidogo.

Niligeuka. Kile kiti kilikuwa kitupu na cha pembeni yake kitupu. Sisemi kilikuwa nini. Ninachosema ni kwamba kuanzia hapo wale Wajapani walipofungua midomo, nilimsikia kaka yangu. Sauti yenyewe, na ile pumzi anayovuta mwisho wa sentensi, na namna anavyomzomea Bwana Kodi kabla watu hawajamzomea. Machozi yalinitoka nikayaacha. Binti yangu alinitazama, akanisogezea leso ya karatasi.

Meli ikaupita mwezi. Nilishika mikono ya kiti. Nilisubiri theluji. Rubani alitazama nyuma, akatazama mbele, na meli ikaenda zake. Sauti ya kaka ikanyamaza. Filamu iliendelea nusu saa nzima kwa Kijapani kitupu, hadi mwisho, ambapo msichana ameshakuwa bibi kizee na bado anawasha taa. Watu wakapiga makofi.

Yule bwana akauliza kama kuna maswali. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

"Mum, please," binti yangu akaninong'oneza.

Nilisimama nikauliza kwa nini wamekata sehemu ambayo rubani anageuza meli kwenye theluji kumfuata mdogo wake, ambayo ndiyo roho ya hadithi, na nani alipewa ruhusa hiyo. Yule bwana alikuwa mstaarabu. Aliniomba nimweleze tena. Nikaeleza tena, kwa ukali zaidi. Akasema vipindi vyote sita amevitazama mara nyingi, na samahani sana, lakini rubani hageuki, na theluji haimo. Kijana mmoja mstari wa mbele alicheka. Nikamwambia yule bwana kwamba mimi niliiona kabla hajaota ndevu, nikakaa.

Tulikuwa kwenye treni ya kurudi, tumekaribia nyumbani.

"Mum, are you sure?" binti yangu aliuliza. "Maybe ulikuwa mdogo, ukaota."

"Sikuota. Niliiona zaidi ya mara ishirini."

"Okay. I'll find it."

Mtoto huyu nalalamika kila siku kwamba hanisikilizi, na wiki ile alitafuta hadi akavipata vile vipindi vyote sita vya mwanzo, visivyokatwa. Jumamosi tuliviangalia kwenye kompyuta yake, mezani jikoni, chai ikipoa. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, nilijua kila kitu. Kaka alirudi akatafsiri, safari hii kwa chini chini. Kipindi cha nne kilipoanza, sikujua chochote. Watu nisiowajua walikuwa wakizungumza kwenye chumba nisichokijua. Kulikuwa na mzee mwenye ndege begani ambaye sikuwahi kumwona maishani. Hakuna sauti iliyotafsiri.

"Theluji iko wapi?" nikauliza.

"Hakuna theluji, Mum. Huo ni mwezi, hauna hewa."

Ndipo nilipoukumbuka ule mlio. Niliukumbuka kwa masikio kabla ya akili: ule mchachariko wa televisheni isiyo na picha. Chenga. Kaka yangu aliniweka mbele ya televisheni iliyokuwa ikionyesha chenga tupu, akakaa kando na kipaza sauti chake ambacho hata hakikuchomekwa, akaniambia ile ni theluji, akanitafsiria.

Nilimpigia wifi yangu, mjane wa kaka. Enzi zile alikuwa msichana anayeuza karanga mlangoni pa banda, na hakuna kilichotokea mle ndani asichokijua. Tulisalimiana, tukaulizana watoto na afya, kisha nikamwuliza kuhusu mkanda wa nne.

"Ule?" akacheka. "Ule deki iliutafuna siku ya kwanza tu, wifi. Haukuwahi kucheza. Watu walitaka kurudishiwa hela zao, kaka yako akasema tulieni, akawasimulia kipande kizima kutoka kichwani. Wakapiga makofi kuliko siku zote."

"Aliwaambia rubani anageuka?"

"Kwa watu wa banda? Hapana. Aliwaambia rubani anakwenda zake, wakalia, wakaja kesho yake. Kugeuka ilikuwa ya kwako. Alisema tangu barua za baba yenu zikome wewe hutaki kula."

Nilikaa kwenye kiti. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na sinki, na simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo alikuwa akisikia yote.

"Na wanangu pia aliwasimulia," wifi akaendelea. "Ile katuni yenyewe hawajaiona, wanaijua kwa mdomo wa baba yao. Kila jioni, meli, meli. Ila kwao aliibadilisha. Kwao anayeendesha meli ni dada. Kaka ndiye amebaki kwenye mnara anawasha taa."

"Na dada anageuza?"

"Dada ameshageuza, anakuja. Watoto walikuwa wanauliza atafika lini, anawaambia ni mbali, mpeni muda. Siku ya msiba yule mtoto wetu mdogo alikaa barazani tangu asubuhi, hataki kuingia ndani. Nikamwambia njoo, shangazi yupo kwenye simu, njoo umwone. Akaniambia kwenye simu siyo kufika. Sikukwambia, wifi. Ningekwambia ili iweje."

Nilimfikiria kaka yangu akiwa hospitali kusafishwa figo, mara tatu kwa wiki, kisha anarudi nyumbani jioni na kuniendeshea meli. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniuliza nakuja lini, na mimi nilijiambia hanihitaji, ana mke na watoto, ana watu wake. Niliipenda hiyo hesabu kwa sababu ilinifaa.

"Wifi, upo? Simu imekata?"

"Nipo."

"Unakuja lini?"

Wifi naye hakuwahi kuniuliza hilo, hata siku ya maziko. Na mimi nilifungua mdomo kumpa sababu, kama nilivyozoea miaka ishirini na ushee, nikakuta hakuna. Karatasi ninazo. Likizo ninayo. Mtoto ni mkubwa, anajipikia mwenyewe. Nilimwambia wifi yangu kwamba naogopa, kwamba naogopa kufika na kukuta kweli hayupo, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu ukweli huo. Wifi alisema anajua. Alisema hata yeye akitoka sokoni husimama kwanza getini kwa woga huo huo, kisha anaingia, kwa sababu watoto wako ndani.