Mtumwa Mtoro Ndani ya Jedwali Langu

Tak. Msimamizi wangu alirudisha kifuniko cha kalamu yake akiwa ukurasa wa tatu wa sura ya tasnifu yangu, yenye kurasa arobaini, nami nikashtuka. Kwa miaka minne nilizoea wino wake mwekundu pembezoni mwa kazi zangu. Kalamu iliyofungwa mapema hivyo sikuwahi kuiona.

Sura ilihusu shairi la Kiarabu la zama za kati, lililotungwa na mwanaalkemia, mmoja wa wale waliotafuta kugeuza madini kuwa dhahabu, ambaye jina lake limepotea. Watu wa fani hiyo walificha majina ya dawa na madini yao nyuma ya taswira: tai, bibi harusi, mtumwa mtoro. Nilitengeneza jedwali, kila taswira nikaipatia kitu chake. Mtumwa mtoro nikamwandikia zebaki. Kisha nililifasiri shairi zima kwa jedwali hilo, mstari kwa mstari.

"Dawa naziona," msimamizi alisema. "Shairi liko wapi? Bwana wake anamlilia huyu mtoro beti sita. Kwa nini?"

"Kwa sababu zebaki huruka ikipata moto."

"Hiyo ni sababu ya kuruka. Nimeuliza ya kulia."

Akanipa hadi Jumatatu: nijibu, au shairi litoke katika tasnifu.

Nilirudi nyumbani Saint Paul kwa treni nikilikagua jedwali, kana kwamba kosa limejificha humo. Nikaongeza safu ya tano. Nikaongeza tanbihi kumi na moja, nikafuta tisa. Ijumaa, mwenzangu wa nyumba, muuguzi kutoka Kisii, alinikuta palepale aliponiacha alfajiri.

"Bado unamsaka huyo mtumwa?" aliuliza akivua viatu vya theluji. "Mwache, dadangu. Hata mimi ningelitoroka hilo jedwali." Akaongeza: "Kwani hiyo zebaki umewahi kuiona kwa macho?"

Niliwahi, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko kalamu. Mama yangu alichenjua dhahabu, akiitenga na mchanga, kwenye machimbo ya Geita. Aliikanda zebaki kwa mikono mitupu ndani ya karai, kisha akaichoma, nami akanituma nikae upande unakotoka upepo, moshi wake usinifikie. Siku hizi mikono yake hutetemeka, kama ya wengi walioivuta. Kurasa arobaini niliandika zebaki, zebaki, na sikuwahi kumuuliza yeye hata neno moja, kwa kuogopa jibu.

Jumamosi asubuhi nilipiga simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Baridi inasemaje?"

"Ipo. Mama, zebaki ilipokuwa ikiondoka motoni, ulijisikiaje?"

"Haya ndiyo maswali ya chuo kikuu?" Alicheka kidogo. "Nilifurahi. Ikiondoka, dhahabu inajitokeza. Nilidhani imekwenda zake." Nikasikia kikombe kikigongagonga sahani mkononi mwake. "Kumbe haikwenda mbali."

Jedwali lilikuwa wazi mbele yangu. Sikuandika kitu.

"Nieleze tangu mwanzo, Mama," nikasema. "Sina haraka."