Nilidanganya kuhusu sheria ya moto, rafiki yangu akaondoka

Admin, jina langu lisitoke. Mimi ni kijana wa miaka 29, mwalimu wa Kiingereza, naishi Katoyi hapa Goma. Tangu mambo haya yatokee sijalia hata mara moja, na hilo nalo linanitisha kidogo.

Rafiki yangu Muhindo alikimbia vita kwao, mji wa Sake, akaja kukaa kwangu. Mama yake alibaki kulinda shamba. Kila Jumamosi na Jumapili mchana tulikuwa watu wanne tukicheza mchezo wa hadithi na dadu. Kila mmoja ana shujaa wake. Mimi ndiye mwongozaji, na mazimwi wanayopigana nayo nayachezesha mimi. Kitabu cha sheria ni cha Kiingereza, wenzangu wanasoma Kifaransa tu. Nikisema sheria ni hii, ndiyo hiyo.

Jumamosi moja nilileta zimwi linalopona kwa njia mbili. Kila zamu linarudishiwa uhai kidogo, na likiuma mtu linapona kwa damu yake. Muhindo akalichoma moto mapema kabisa. Kitabu kinasema likiungua haliponi kwa njia yoyote mpaka zamu ipite. Mstari huo niliusoma. Lakini zimwi nilikuwa nimeliandaa wiki tatu, na yeye alikuwa anashinda kila wiki, nimemchoka. Nikasema moto unazuia njia ya kwanza tu. Zimwi likamuuma, likapona, likamuua shujaa wake, ambaye Muhindo alikuwa akimlea tangu afike kwangu.

Alibisha. Nikamwambia asome mwenyewe kama anaweza, wenzetu wakacheka. Alikuwa amepanga kwenda kumchukua mama yake Jumatatu, baada ya mchezo wa Jumapili. Akakusanya dadu zake, akasema, "Basi kesho niko naenda kutafuta mama. Huku sina tena shujaa wa kuchezesha."

Aliondoka Jumapili asubuhi. Jioni mama yake akafika mlangoni kwangu kwa miguu, amepita njia nyingine. Kisha barabara ya Sake ikafungwa kwa vita. Huu ni mwezi wa nne, Muhindo hajulikani alipo.

Mama analala kwenye kitanda chake. Ananipikia sombe, majani ya muhogo, ananiombea kanisani. Juzi aliniuliza, "Mutoto yangu, juu ya nini hakungoja hata siku moja?" Nikasema sijui. Nikamaliza sahani yote.

Msiniambie maji yakimwagika hayazoleki, hilo nalijua. Nikisema ukweli, mama huyu atabaki na nani katika mji huu? Nikinyamaza, ataendelea kumlaumu mwanawe kila jioni kwamba tangu utoto hakuwa na subira. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanya nini?