Meli ya Kuzoa Mabomu na Finjani ya Babu

Harufu ya tende zinazochemshwa hunichafua roho hadi leo. Wengi hapa Ibra, Oman, huipenda. Kiangazi kikifika, tende za aina ya mabsali zikaanza kumiminwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, watu huwapeleka watoto wao mashambani wakaone moto wa makuti na mvuke mtamu unaoganda nguoni. Mimi hufunga madirisha. Harufu ile hunirudisha kwenye kiangazi kimoja nilipokuwa na miaka minane, nikimfuata babu yangu mzaa baba kila alikokwenda, kwa sababu sikio lake moja lilikuwa limekufa na mimi ndiye niliyemrudishia maneno yaliyompita. Familia yetu ilikuwa imerejea kutoka Unguja kabla sijazaliwa, lakini mtaani bado tukiitwa Wazinjibari, na jinsi walivyolitamka neno hilo, halikuwa sifa.

Wakati wa vita vikuu vya pili, Babu alikuwa kijana, na Mwingereza alimwandikisha kuwa baharia katika meli ya kuzoa mabomu. Meli yenyewe haikuundwa kwa vita. Ilikuwa ya kuvulia nyangumi huko bahari za kusini. Ikapakwa rangi ya kijivu, ikafungwa mzinga mmoja mbele, ikaletwa Mombasa kusafisha njia ya kuingilia bandarini. Jua likiwa kali, alisema Babu, mafuta ya nyangumi yalitoka kwenye mbao, mabaharia wote wakanuka hata wakirudi nyumbani wake zao wanaziba pua. Kazi yao ilikuwa kuburura waya wa chuma nyuma ya meli, waya wenye meno. Ukikata mnyororo wa bomu lililotegwa chini, bomu huibuka juu ya maji, nao hulipiga risasi kwa mbali mpaka likalipuka. Babu alishika winchi. Siku moja bomu lenyewe lilinasa kwenye waya, likavutwa mpaka karibu na meli, na halikungoja risasi. Wenzake wawili, mmoja Mpemba na mmoja wa Lamu, hawakuonekana tena. Yeye alitoka na sikio bovu na mkono wa kulia unaotetemeka. Meli ilitengenezwa, ikaendelea kuzoa hadi vita vilipokwisha, kisha ikauzwa, ikabeba nazi kavu miaka kadhaa, mwisho ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Hakuna aliyemuuliza Babu kitu, si pale wala baadaye.

Kiangazi kile alikuwa na haja moja tu: kuisimulia meli hiyo katika sabla ya mtaa, ule ukumbi ambao wanaume hukutana kunywa kahawa na kupeana habari. Aliamini kwamba wakishaisikia, watamwita kwa jina lake. Kiarabu chake kilikuwa cha kubahatisha, basi kila alasiri tulikaa uani kwenye mkeka, mimi nikiwa mwalimu.

"Hebu n'fundishe, mwanangu. Bomu la baharini wao wanaliitaje?"

"Lugham, Babu. Yakiwa mengi, algham."

Neno hilo nililitoa kwa mwalimu wangu wa shule, ambaye alishangaa mtoto wa kike analitakia nini. Babu alilirudia mara nyingi, akalichanganya na mengine, akacheka, akaanza upya. Mwisho wa mwezi aliweza kuisimulia meli yote, kuanzia nyangumi mpaka chuma chakavu, na sauti haikumkwama ila kwa yule Mpemba.

Tulikwenda. Mimi nilikuwa bado sijafikia umri wa msichana kukatazwa kuingia, nikakaa ubavuni kwake. Katika sabla ile, aliyeshika finjani ndiye aliyeulizwa habari. Akiirudisha, zamu humhamia mwingine. Hamed, kijana aliyebeba dele la kahawa, akamjazia Babu ya kwanza. Babu akanywa, akasafisha koo, akasema kwa Kiarabu, "Zamani, nilipokuwa baharini," kisha akanyoosha finjani iongezwe ili aendelee. Mkono ukatetemeka. Kwetu Oman, mtu akitosheka huitikisa finjani, na mwenye dele huipokea bila kuuliza. Hamed akaipokea. Jirani akaulizwa habari za mbuzi wake, akazieleza kwa kituo.

Ikawa hivyo kila tulipokwenda. Kushika kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu, na Babu adabu alikuwa nayo kuwashinda wote pale. Njiani nililia kwa hasira.

"Babu, waambie mkono wako mgonjwa!"

"Wataniona wa kuhurumiwa," akasema. "Mie s'taki huruma yao. N'nataka wan'sikilize."

Kabla msimu haujaisha na masufuria ya tende hayajaoshwa, aliacha kwenda. Alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Matangani, wazee wa sabla walimsifu kuwa alikuwa mtu mpole, hana maneno. Mpole! Mtu aliyekufa na meli nzima kooni.

Siku hizi hatuitwi tena kwa dharau. Tuna maofisi, tuna magari, na wajukuu wa wazee wale wameoa kwetu. Sabla imetiwa kiyoyozi na kugeuzwa nyumba ya wageni, na mwenyewe ni Hamed, ndevu nyeupe. Mimi hutembeza watalii. Mwezi uliopita nilimpeleka hapo mzee mmoja Mwingereza. Hakujua kuitikisa finjani, akawa anainyoosha tu, na Hamed akicheka kwa upole: "Mgeni, hajui. Mjazieni." Alipoulizwa habari, alisema marehemu baba yake alikuwa baharia wa vita, katika meli ya kuzoa mabomu. Nikafasiri. Algham, nikasema, neno lile lile la uani, na waliokuwepo wote wakasogea karibu kumsikiliza mpaka mwisho, pamoja na waya wenye meno na wenzake baba yake waliozama.

Hamed akatikisa kichwa. "Hao ndio wanaume," akaniambia kwa Kiarabu. "Laiti mtaa wetu nao ungekuwa na japo mmoja wa namna hiyo."

Sikumtajia Babu: nilikuwa kazini, na huruma yao Babu alikwisha kuikataa. Mgeni akaniuliza mwenyeji amesema nini. Nikamfasiria neno kwa neno, na Hamed akainama kumjazia finjani nyingine.