Maji ya Moto na Paja la Kushoto

Fathiya ni fundi simu pale Darajani, na wateja wake wanamjua kwa jambo moja: simu ikishapona haitoki mkononi mwake mpaka ajue ilikuwa inaumwa nini.

"Si imewaka? Nipe niende zangu," mteja atamwambia.

"Imewaka kwa sababu gani?" atauliza yeye, huku ameshaifungua tena. "Ikizima kesho, utakuja kunipigia kelele mimi."

Ndivyo alivyo tangu mdogo. Aliwahi kuifumua redio ya babake ili aone msoma habari amekaa wapi. Alichapwa, lakini mpaka leo anasema ilistahili.

Basi sukari ilipomwingia, sindano hazikumkera sana. Kilichomkera ni kutojua ni sukari ya aina gani. Iligunduliwa akiwa na mimba ya miezi mitano. Daktari wa kwanza alisema ni sukari ya mimba, itaondoka mtoto akizaliwa. Vidonge viliposhindwa kuiteremsha, akaanzishiwa insulini. Mtoto, Talib, akazaliwa salama, lakini sukari ikabaki. Daktari wa pili akasema huenda ni aina ya pili, ilikuwa imejificha muda mrefu. Wa tatu akautazama wembamba wake, akatikisa kichwa: huenda ni aina ya kwanza, ambayo wakati mwengine huchelewa kujitokeza. Damu ikachukuliwa, ikapelekwa Dar es Salaam.

"Sasa mimi nna ipi, daktari?"

"Tusubiri majibu. Kwa sasa usiache insulini."

Akaenda kwa mamake, Bi Mwanakheir, huko Kikwajuni, kumaliza arubaini yake kama wazazi wengine: uji wa pilipili manga, tumbo kufungwa kanga, na kila asubuhi kukandwa kwa maji ya moto mwili mzima.

Huko ndiko sukari ilipokosa adabu kabisa. Asubuhi ilianguka ghafla. Fathiya akatoka jasho, mikono ikatetemeka, maneno yakamgongana mdomoni. Mama kwa hofu akamnywesha maji ya sukari, gilasi juu ya gilasi. Mchana mashine ya kupimia sukari ikasoma kumi na saba. Jioni Fathiya, akiogopa kuanguka tena, akapunguza dawa, na sukari ikalala huko huko juu. Kesho yake mambo yakawa yale yale.

Asubuhi moja alikuwa amempakata Talib pale mikono ilipomlegea. Bi Mwanakheir alimdaka mjukuu kabla hajafika sakafuni. Binti alipozinduka, alimkuta mama amesimama mbele ya friji, kichupa cha insulini kiganjani.

"Hii naitupa."

"Mama, ukiitupa ntakufa."

"Na ukiichoma unakufa. Nifanyie mimi hesabu hiyo, wewe fundi! Mimi nimezaa watoto saba. Wote nimekandwa arubaini kamili, na sindano sijaijua isipokuwa ya mbu."

Fathiya alimbembeleza mpaka wakakubaliana. Ayoub, mumewe, anafanya kazi hotelini Kendwa na hurudi Ijumaa. Fathiya akianguka tena kabla ya Ijumaa, insulini itatoka nyumbani na mama atamweleza mkwewe mwenyewe.

Fathiya akaanza kutafuta kama anavyotafuta hitilafu ya simu, kitu kimoja kimoja. Kwanza alishuku mashine, akampima mama kwa nguvu.

"Inasemaje?"

"Inasema mzima."

"Basi si mbovu," alisema Bi Mwanakheir, akijipuliza kidole.

Akashuku uji; alipouacha siku moja, mama alinuna na sukari ikashuka vile vile, ila aliwahi kunywa maji ya sukari kabla hajaanguka. Akashuku kunyonyesha, kwa kuwa aliambiwa kunapunguza sukari. Lakini Talib hunyonya kutwa kucha. Kwa nini basi aanguke asubuhi tu? Mwisho akampigia Bi Ulfat, nesi wa kliniki ya sukari.

"Shikamoo, Bi Ulfat."

"Marahaba, mwanangu. Eleza."

Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Baina ya sindano na kuanguka, unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Nalala, nakandwa."

"Unakandwa wapi?"

"Mwili mzima."

"Na sindano unachoma wapi?"

"Pajani. La kushoto, ndilo lililozoea." Fathiya alijisikia mwenyewe alivyojibu. "Bi Ulfat... maji yenyewe ni ya moto hasa. Mama haamini vuguvugu."

"Joto na kusugua huiharakisha dawa kuingia damuni. Inayotakiwa iingie pole pole inaingia kwa mkupuo. Kesho mwambie asiliguse paja hilo. Kula mapema, pima mara kwa mara, tuone. Na ikishuka, sukari kidogo tu, usubiri, upime tena. Si gilasi juu ya gilasi!"

Bi Mwanakheir aliposikia, alishika kiuno. "Paja moja nilikande, jengine nilinyime? Utakuja kutembea upande kama kaa!"

"Siku moja tu, mama. Nataka kuona."

Asubuhi ile mama alikanda mgongo, tumbo na paja la kulia, akilalamika kwa kila taulo alilolichovya. Paja la kushoto alilifunika kanga kavu. Fathiya alipima, akanywa uji, akapima tena. Jasho halikuja. Mashine ilisoma sita. Mama aliinama kuitazama, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama tena.

"Sita ndiyo nzuri?"

"Nzuri, mama."

Bi Mwanakheir alikwenda kumwaga maji.

Nesi akapanga upya: akandwe kwanza, mwili upoe, ndipo achome kabla ya kula, na asirudie mahali pamoja kila siku. Sukari haikutulia yote. Jioni bado ilipanda, na Fathiya bado anaihangaikia. Lakini hakuanguka tena.

Ijumaa Ayoub alipoingia na mkoba wake, alimkuta mkwewe ameshika beseni.

"Fathiya!"

"Naam, mama."

"Ushachoma?"

"Bado. Nakungoja wewe."

"Haya, lala." Akachovya taulo, akalikamua, kisha akasita. "Na hiyo damu iliyokwenda Dar, imesema nini? Aina ya kwanza au ya pili?"

"Bado hawajapiga."

"Si uwapigie wewe! Wanatuweka tu hapa hatujui," alisema Bi Mwanakheir, na taulo la moto likatua mgongoni.