Pamba na Sindano

Kwa miaka kumi na tisa makoti ya madaktari wote wa hospitali ile yalipita mikononi mwa mwanamke mmoja, dobi wa chumba cha chini, ambaye wenzake walimwita Nyoosha. Jina lilimganda kwa sababu hakuvumilia mkunjo. Shuka ikitoka kwenye pasi na mstari mwembamba kama unywele, aliirudisha, na aliyenuna alinuna peke yake.

Asubuhi moja, akiwa ameshika ukosi wa koti, pembe ya kushoto ya mdomo wake ilikufa ganzi. Ganzi ikashuka shingoni, mkononi, mpaka wayoni, upande ule ule. Hakuanguka. Alizima pasi, akapanda ngazi kwa kushika ukuta, akamwambia daktari wa zamu kwamba nusu ya mwili wake imemkimbia. Daktari alipima shinikizo la damu, akalikuta juu, akasema ni kiharusi kidogo na kwamba ana bahati, maana viungo vyote vinafanya kazi. Akampa vidonge na mapumziko ya wiki tatu.

Aliporudi kazini mkono wa kushoto ulikuwa unamtii lakini haumwambii kitu. Siku ya pili akasikia harufu ya nyama inaungua. Akageuka huku na huku amjue mjinga aliyeleta chakula karibu na nguo safi, ndipo akaona kiganja chake mwenyewe kimelala juu ya bamba la moto. Hakuwa amehisi chochote.

Mwezi wa nne tangu ganzi ile yakaja mengine, na hayo ndiyo yaliyomkondesha. Upande ule uliokufa ukaanza kuwaka. Kitambaa cha blauzi kikimgusa ni kama kamwagiwa uji wa moto, na upepo wa feni ulimtoa machozi. Alikata mikono ya kushoto ya nguo zake zote. Mumewe, fundi saa asiyependa maneno mengi, alihamia upande wa pili wa kitanda na kujifunza kutomgusa kabla ya kumwambia.

Msimamizi wa madobi alimwangalia kuanzia utosini hadi unyayoni. "Dada, juzi ulisema huhisi kitu. Leo unasema hata upepo unakuumiza. Nishike lipi?"

"Shika yote mawili."

"Hayashikiki."

Akampeleka kwa daktari wa bodi, yule anayeamua nani mgonjwa na nani mvivu. Nyoosha alilitambua koti lake mara moja. Alilipiga pasi Jumatatu. Daktari akamwamuru afumbe macho, akamchoma sindano kwenye mkono wa kushoto.

"Umesikia?"

"Bado sijasikia kitu."

Akachoma tena, mpaka tone la damu likatoka. Kisha akachukua pamba, akaipitisha polepole pale pale. Nyoosha aliruka, akaukumbatia mkono wake kifuani, akalia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliionea aibu.

Daktari aliiweka pamba mezani. "Mama, sindano huisikii, pamba inakuliza. Hata kuigiza kunataka ufundi." Akaandika mistari miwili. Nyoosha aliisoma ikiwa juu chini, kutoka upande wake wa meza: *Anaigiza. Arudi kazini.*

Akarudi kazini. Wifi yake alipokuja kumjulia hali alimwambia kwa upole kwamba labda ni mawazo tu, wifi, ukiyapuuza yataondoka. Nyoosha hakusema naye kwa miezi miwili. Maumivu angeweza kuyavumilia. Kilichomkata maini ni kuitwa mwongo na mtu aliyevaa koti ambalo yeye kalinyoosha kwa mkono unaowaka.

Siku moja daktari mgeni wa mishipa ya fahamu, mwanamke wa makamo, alishuka chini kutafuta koti lake lililopotea. Akamkuta Nyoosha anapiga pasi huku bega moja liko wazi na meno yameuma mdomo.

"Unaumwa nini, dada?"

"Bodi imesema siumwi."

"Sijakuuliza bodi."

Daktari akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akasikiliza yote. Wiki ile ile Nyoosha alipigwa picha ya ubongo, na daktari akamwonyesha, katikati kabisa, doa dogo kama dengu.

"Hapa panaitwa thalamasi," alisema. "Ziko mbili, moja kila upande, na kila moja ina ukubwa wa tende. Mguso, joto, maumivu, mpaka unachokiona na kukisikia, vyote hupitia hapa kwanza, ndipo viende kwenye gamba la juu la ubongo uvitambue. Na havipiti hivi hivi. Thalamasi huvichuja, hiki ikipunguze, kile ikiongeze. Ndiyo inayosaidia pia kutuamsha na kutulaza. Ya kulia huhudumia upande wa kushoto. Kwako limeumia fungu la hisia za ngozi."

"Mbona harufu niliipata?"

"Harufu ina njia yake, haianzii hapa. Na mafungu ya kuona na kusikia hayakuguswa."

"Na pamba?"

"Sindano inapotea njiani. Pamba inafika imegeuka moto, kwa sababu kilichokuwa kinachuja kimeharibika. Hivyo viwili kuwa pamoja ndiyo dalili yenyewe. Imo vitabuni zaidi ya miaka mia moja."

Daktari alitegemea kumwona amefarijika. Nyoosha damu ilimchemka. "Miaka mia," alisema. "Na yule alisoma kitabu gani?"

Alichukua ile picha, akapanda nayo mwenyewe mpaka kwa daktari wa bodi. Daktari aliitazama muda mrefu, masikio yakamwiva.

"Sheria hairuhusu kufuta kitu kwenye faili, mama."

"Sijasema ufute. Andika chini yake."

"Nitaandika kwamba uchunguzi wa mwanzo haukukamilika."

"Ulikamilika. Sindano ulikuwa nayo, pamba ulikuwa nayo, na majibu nilikupa. Uliyekosea ni wewe."

Hakuondoka, wala hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Wagonjwa wawili mlangoni walikuwa wanasikiliza. Mwishowe daktari akaandika: *Nilikosea. Mgonjwa alisema kweli.* Nyoosha akaisoma, akamrudishia aongeze tarehe.

Dawa mpya zilipunguza moto, hazikuuzima. Siku mbaya bado huwa mbaya. Amehamishiwa meza ya kukagua mashuka yaliyochanika, kazi ya macho na mkono wa kulia. Msimamizi hajamwomba radhi, ila alimletea kiti kizuri bila kuombwa. Wifi yake aliomba, wakalia wote wawili, yakaisha.

Hasira ndiyo haijaisha. Akimwona mtu ametoka chumba cha bodi kichwa chini, humfuata hadi ngazini na kumuuliza wamemwandikia nini.