Mtaalamu na Diski ya Mama Mkwe

Mtaalamu, jina alilojipa mwenyewe hadi ukoo ukachoka kubisha, alijitolea kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya mama mkwe wake. Fundi wa mtaani alimwonya asiiguse ile sehemu ndogo ya diski inayotumika kuirejesha kompyuta ikiharibika. Hakuigusa. Aliilinda kama mboni ya jicho, akafuta vingine vyote, zikiwemo picha za wajukuu, maana aliamini nakala za picha hizo zimo katika sehemu ile.

Mfumo ukawaka, picha hakuna. Kifua mbele, akabonyeza kurejesha. Kompyuta ikarudi tupu, kama ilivyotoka dukani.

“Mama, imekuwa mpya kabisa.”

“Naona, baba,” mama mkwe akajibu. “Nawe rudi kama siku ile ulipokuja kuposa. Hukujua kitu, lakini angalau ulinyamaza.”